Kura ya Clara na Kaburi la Bi Mwanakombo

Ulipita pale. Usijitetee.

Ulikuwa kwenye gari, au juu ya bodaboda, au kwa miguu na simu mkononi. Uliona watu wamesimama ukingoni mwa korongo, mvua inawapiga, wameshika shuka kwa pembe nne. Ukauliza kuna nini. Ukaambiwa. Ukasema "Mh," ukaendelea na safari yako.

Wengine mlipiga picha. Nimeziona kwenye magrupu.

Kupita siku ile sina neno nako. Neno langu ni kwamba ulishapitaga sana kabla ya siku ile. Korongo lile limekua mbele ya macho yako, na macho yako yalikuwa kwingine.

Leo utakaa. Nitakusimulia jinsi wazee wazima wa Kinyerezi walivyokaa kikao rasmi, na soda mezani, na mshenga kabisa, kuamua mtu mmoja aliyeko Marekani ampigie nani kura. Na huku nyuma ya nyumba kaburi la mama wa mmoja wao linasogelewa na shimo.

Mshenga wa kikao hicho nilikuwa mie.

Jina la mtaa nalihifadhi. Ukitoka Tabata kuelekea kwenye mitambo ya umeme wa gesi, ni kabla hujaifikia.

Korongo lilianza kama mfereji. Nakumbuka. Tatizo langu mie ni hilo, nakumbukaga. Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa analiruka na begi mgongoni.

Mwenyekiti wa kwanza wa mtaa alikuja akasema itajengwa kingo ya mawe. Wa pili alikuja na watu wamevaa fulana za viakisi, wakapima, wakachora alama nyekundu kwenye mnazi. Mnazi wenyewe ulishaangukia humohumo, na alama yake. Wa tatu hakuja kabisa.

Huyo wa tatu ndiye tuliyekuwa naye.

Na kilichotakiwa wala si miujiza. Huko juu halmashauri hawaleti mawe mpaka waone muhtasari wa mkutano wa wakazi. Mkutano anauitisha mwenyekiti. Mwenyekiti haitishi. Ishu yote imekaa hapo, mtoto anaielewa.

Aliyekuwa karibu zaidi na ukingo ni Mzee Mwishehe, Mzaramo wa palepale, dereva wa malori mstaafu. Ukoo wake ulikuwa pale tangu enzi za mikorosho, kabla mitambo haijaota. Mama yake, Bi Mwanakombo, alizikwa uani, chini ya mpera.

Wenzake wote waliuza viwanja wakahamia mbele huko. Yeye aligoma. Madalali walikuja na maneno matamu, na yeye jibu lake lilikuwa moja: "Mama namuuzaje?"

Kila vuli korongo lilikuwa linakula kipande cha ua wake. Kila masika kipande kingine. Mwaka ninaousimulia, kutoka ukingoni mpaka kwenye kaburi ukilala chali umefika.

Jirani yake, ng'ambo ya ua wa michongoma, ni Mwalimu Gaspar. Mhaya, mstaafu, kafundisha Uraia shule za msingi mpaka mvi zikamwota masikioni.

Hawa wawili walikuwa watani wa kufa. Mwishehe alikuwa anasema Wahaya wanaamini hata Marekani iligunduliwa na mtu wa Bukoba aliyepotea njia. Gaspar anamjibu kwamba Wazaramo wameuza Dar nzima wakanunulia ngoma, na ngoma yenyewe wakaipasua. Hapo wanacheka mpaka wanakohoa. Ndiyo ilikuwa dawa yao ya asubuhi.

Kijiwe chao kilikuwa kwa Twaha, muuza kahawa. Benchi moja refu, birika, kashata kwenye sinia.

Halafu ukaja uchaguzi wa Marekani.

Sijui nikueleze vipi. Kwetu Simba na Yanga zilipumzika kwa muda. Watu waligawanyika, hawa Tembo, hawa Punda, kufuata alama za vyama vya kule. Mwishehe akawa Tembo. Gaspar akawa Punda. Benchi la Twaha likaonekana fupi, ikabidi atafute la pili, maana watu walishaanza kukataa kugusana mabega.

Mwisho wakakataa hata vikombe. Twaha, mtu wa biashara, akafunga uzi mwekundu kwenye vikombe vya Tembo na uzi wa bluu kwenye vya Punda. Alisema bora afunge nyuzi kuliko kufunga kijiwe.

Usidhani walikuwa wanaropoka. Walijua. Gaspar alipanga vikombe na kashata juu ya sinia akawafundisha jinsi kura za kule zinavyohesabiwa jimbo kwa jimbo, mpaka mwenye kura nyingi nchi nzima anaweza kushindwa na mwenye chache. Mwishehe alitazama lile sinia, akasema kama ni hivyo basi sie tumewazidi, sie tunapata matokeo hayohayo bila kusumbua kashata.

Watu walicheka. Mie sikucheka sana.

Mwishehe alikuwa Tembo kwa sababu ya mayai. Alisikia Wamarekani wamekasirika yai limepanda bei, akaona hao ndio watu wenye akili, wanapiga kura kwa tumbo lao. "Mtu aliyezoea yai kila asubuhi, likimkosa anaangusha serikali," alisema. "Mie yai naliona Idi. Ndiyo maana sijaangusha mtu."

Gaspar alikuwa Punda kwa sababu ya bintiye Clara, yuko Pensilvania. Aliogopa Tembo wakishinda watafukuza wageni, japo Clara alishachukua uraia wa huko. Siku aliporudisha pasi yetu, Mwalimu alilia kidogo. Wiki iliyofuata akaanza kujisifu.

Alikuwepo pia Munira, muuza vitumbua, dada mmoja mwenye msimamo. Yeye alisema vyama vyote viwili mikono yao ina damu ya Wapalestina. Kwa hiyo kura yake ya Marekani, ambayo hana, akaisusia.

Nilikuwa nawatazama hawa watu. Walijua jimbo la Jojia lina wilaya zipi ngumu. Walijua nani kachelewesha bahasha za kura wapi. Nikawauliza siku moja mwenyekiti wetu wa mtaa anaitwa nani jina kamili. Wakatajiana majina mawili, na yote mawili hayakuwa lenyewe.

Katikati ya hayo akaja Eufrazia.

Huyu ni mama wa mtaani kwetu, anashona sare za shule. Aligombea uenyekiti wa mtaa kwa tiketi ya chama ambacho sikitaji, maana ukisikia chama utaacha kusikia korongo. Ahadi yake ilikuwa moja tu. Akishinda, wiki ya kwanza anaitisha mkutano wa wakazi, muhtasari unaandikwa, unapelekwa.

Alikuta wazee wameinamia simu ya Gaspar, wanarudia mdahalo wa wagombea wa kule ambao walishautazama. Akasalimia, shikamooni wazee. Wakamjibu marahaba bila kuinua vichwa.

Akawaeleza kwamba uandikishaji wa kura ya mtaa umeanza, pale shuleni, na unafungwa karibuni. Na kwamba ile kadi ya uchaguzi mkuu huku haitoshi, hili ni daftari jingine, lazima mtu aende akajiandikishe upya.

Gaspar akatoa kadi yake mfuko wa shati. Ilikuwa imekaa kwenye nailoni, safi.

"Mama, mie nimefundisha Uraia mpaka nimestaafu. Kadi ya kura ni kadi ya kura."

"Mwalimu, nakuomba. Ni hapo tu shuleni. Hata kahawa haitapoa."

Mwishehe ndiye aliyemjibu, kwa upole kabisa. "Tutakuja, mwanangu. Acha kwanza tumalize Jojia."

Eufrazia alisimama kidogo, akaitazama ile simu, kisha akawatazama wao. Akaaga, akaondoka.

Kesho yake nilirudi mwenyewe nikawaambia lile lile. Nikamkumbusha Mwishehe kaburi la mama. Kabla sijafika mwisho, mmoja wa benchi la Punda akaniuliza siku hizi niko chama gani. Mwingine wa benchi la Tembo akasema lazima nimepewa kitu. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi ule mabenchi mawili kukubaliana.

Nikanyamaza. Ukitaja shimo unaulizwa chama.

Uandikishaji ukafungwa. Jumapili iliyofuata ndipo kikao kikaitishwa.

Wazo lilikuwa la Mwishehe. Alisema haiwezekani sie tunabishana mpaka mishipa inatutoka, na kumbe mtu mwenye kura halisi ni mtoto wetu, tumemshika akiwa na nepi. Mtoto hukaliwa kikao. Kama kuoa ni kikao, kura kwa nini isiwe?

Gaspar akaona ni haki. Wakanichagua mie mshenga, eti kwa vile sina benchi.

Tulikaa sebuleni kwa Gaspar jioni, baada ya yeye kutoka misa ya pili na kulala kidogo. Tembo upande wa dirisha, Punda upande wa kabati. Simu imeegeshwa kwenye chupa ya chai. Clara alitokea akiwa na sare ya kazi, kwao ilikuwa asubuhi. Anatunza wazee wa kizungu kwenye nyumba ya wazee.

"Shikamooni wazee wangu."

Tukaitikia wote. Nikaanza kama inavyoanzwa, kwamba hodi tumepiga na karibu tumepewa, tumeona ua kwenye bustani hii, tumekuja kuliulizia. Mama yake Clara akachungulia kutoka jikoni.

"Mnaoa au mnachagua rais?"

Clara akacheka. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi.

Mwishehe aliongea kwa upande wake. Alisema mayai, akasema vita, akasema mwanangu kura ni amana. Gaspar akaongea kwa upande wake. Alisema wewe ni mgeni pale hata ukiwa na karatasi zao, angalia wanaokuangalia vibaya, kura yako wape wanaowatetea wenzio. Kila mmoja alimaliza kwa kusema uamuzi ni wako, halafu akaongeza sababu nyingine tatu.

Clara alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimewasikia wazee wangu. Nimewaelewa wote."

Kisha akauliza, "Baba Mwishehe, lile korongo limefika wapi? Kaburi la bibi liko salama?"

Mwishehe alifungua mdomo. Gaspar akamuwahi.

"Tusitoke nje ya mada, mama."

Tukanywa soda. Kikao kikafungwa kwa sala mbili, ya msikitini na ya kanisani.

Matokeo yalitoka, Tembo kashinda. Kwetu ilikuwa mchana kweupe. Mwishehe alipita mtaa mzima amejifunga kitambaa chekundu, na kesho yake asubuhi akamwachia Gaspar getini mzigo wa majani mabichi umefungwa vizuri kwa kamba. Chakula cha punda.

Ulikuwa utani. Siku nyingine yoyote Gaspar angeyachukua akampa mbuzi wa jirani, yakaisha.

Lakini alikuwa hajalala. Alikuwa amekaa na simu akimtafuta Clara, Clara hapokei. Alikuja kijiweni macho mekundu, akayatupa majani miguuni pa Mwishehe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kusoma mahudhurio:

"Mama yako atazikwa mara ya pili, na huyo mzee wako wa Marekani bado hajajua kama kuna Tanzania."

Twaha aliacha kumimina kahawa.

Utani wetu una mipaka yake na kila mtu anaijua. Kabila ruksa. Dini kwa kipimo. Mama wa mtu aliyeko kaburini, hapana.

Mwishehe aliweka kikombe chake chini taratibu. "Umemtaja mama," alisema. Akaondoka.

Toka hapo hawakusalimiana. Watu wa mkoani huko na watu wa pwani hapa, waliozikiana, waliokopeshana chumvi, wakafika mahali mmoja akimwona mwenzie anavuka barabara. Kwa ajili ya watu ambao wakishuka uwanja wa ndege hapo hawatauliza Kinyerezi ni wapi.

Gaspar aliwaambia watu wa benchi lake kwamba Clara alipiga kura kwa Punda, na kwamba angalau familia yake ilifanya wajibu wake. Hilo lilimshikilia. Kila siku alilisema.

Wiki chache baadaye ikafika kura ya mtaa.

Walikuja wote wawili. Hilo niwape. Mwishehe alivaa kanzu ya Ijumaa japo haikuwa Ijumaa. Gaspar alipiga pasi suruali. Walikuta foleni imeweka watu wawili tu katikati yao, wakageuza nyuso, mmoja akatazama madarasa, mwingine akatazama vyoo.

Mwishehe akafika mezani. Wakatafuta jina. Halipo. Akaonyesha kadi. Wakamwambia hiyo ni ya uchaguzi mwingine, mzee wetu, huku ulitakiwa ujiandikishe.

Akasogea pembeni, akasimama tu.

Gaspar akafika. Msimamizi wa meza alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akasimama kumwamkia. Akatafuta. Akageuza kurasa akarudi tena mwanzo, kwa heshima tu, maana alishaona halipo.

"Samahani sana, Mwalimu."

Gaspar hakubisha. Aliiangalia ile kadi kwenye nailoni yake, akairudisha mfukoni. Nyuma yao walikuja wengine wa kijiweni, Tembo na Punda, na kadi zao safi. Wote wakaelekezwa njia ileile ya kutokea.

Niliwaona wanarudi nyumbani. Mmoja kulia kwa barabara, mmoja kushoto. Mwendo mmoja.

Eufrazia alishindwa. Kura alizozidiwa zingekaa kwenye mabenchi mawili ya Twaha, na nafasi ya birika ikabaki.

Utaniuliza nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Hasira yangu nilishaitumia kwa mwenyekiti wa kwanza, wa pili, na ule mnazi. Nilipita dukani nikanunua mkate.

Vuli ikaja imechelewa, ikajilipizia. Mvua ilipiga usiku kucha mpaka kukapambazuka, na kulipopambazuka Mwishehe alikuwa mlangoni kwangu. Amelowa. Hana viatu.

"Njoo," alisema. "Mama anachungulia."

Sikumuelewa mpaka nilipofika.

Mpera haupo. Ua wa nyuma haupo. Kaburi lilikuwa limekatwa upande kama mkate, na kwenye udongo mwekundu kulikuwa na kitu cheupe ambacho hakikutakiwa kuonekana na mtu yeyote mpaka Kiama. Maji yalikuwa yanapita chini yake, yanalamba.

Mwishehe alichukua mkeka akajaribu kufunika. Mkeka ukaenda na maji.

Watu wakaanza kujaa. Ukapita na wewe hapo. Mwenyekiti naye alikuja, mpya ambaye ni yuleyule wa zamani, akasimama mbali na mwavuli wake, akasema haya ni mapenzi ya Mungu. Kisha simu yake ikaita akaondoka akiipokea.

Shehe aliletwa. Akasema hakuna njia, ahamishwe sasa hivi. Ikaletwa sanda mpya. Ikaletwa shuka, maana mwanamke akiteremshwa au akitolewa kaburini anasitiriwa, shuka inashikwa juu kwa pembe nne, asionwe.

Pembe tatu zikapata watu wa nyumbani. Ya nne ilikuwa upande wa korongo, pale ardhi ilipokuwa inapumua. Hapo pakawa na kusitasita.

Gaspar alitokea kwenye michongoma. Sio kwenye njia, kwenye michongoma yenyewe, shati limechanika begani. Akavua viatu akaviacha kwenye tope, akaishika ile pembe.

Shehe alimwangalia. Wengine pia walimwangalia, maana Mwalimu alikuwa na rozari shingoni. Shehe akasema, "Endeleeni."

Mwishehe aliteremka mwenyewe. Tulimsikia tu, hatukumwona. Alikuwa anamsemesha mama yake kwa Kizaramo, maneno mafupi, kama mtu anayemwamsha mtu taratibu asishtuke.

Mvua ilikuwa inajaa kwenye shuka. Ikawa nzito, ikabidi wainamishe upande mmoja kumwaga maji, waiinue tena. Kijana mmoja akataka kumpokea Gaspar, Gaspar akatikisa kichwa. Mtu mwingine akasema ukingo unaondoka, Mwalimu, sogea. Hakusogea.

Yalikuwa yametimia, kila neno alilolisema pale kijiweni. Na yeye ndiye alikuwa ameshika shuka.

Tulimzika Bi Mwanakombo makaburi ya umma, mbali na kwao, katikati ya watu asiowajua. Gaspar alikuwa chini ya jeneza mpaka mwisho. Mwishehe hakumwambia asante na hakumwambia toka.

Jioni tulikaa kwa Mwishehe, upande wa mbele, maana wa nyuma haukuaminika. Twaha alikuja na birika na vikombe vyake. Nyuzi zilikuwa bado ziko. Alimimina bila kuangalia, Gaspar akapata chenye uzi mwekundu. Akanywa.

Simu ya Gaspar ikaita. Clara. Mama yake alishampa habari. Gaspar akaweka sauti kubwa, akamsogezea Mwishehe simu bila kumtazama usoni.

Clara alimpa pole. Alilia kidogo, Bi Mwanakombo ndiye aliyemfundishaga kula maembe mabichi kwa pilipili. Mwishehe alikuwa anaitikia tu, ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Kisha, nadhani kwa kukosa la kusema, akasema:

"Na wala sikulaumu kwa ile kura. Ulimpa wa baba yako, ni haki yako."

"Baba Mwishehe, mie sikupiga."

Gaspar aliinua kichwa.

Clara alisema alienda. Alifika mpaka nje ya kituo, akakaa kwenye gari. Ametoka zamu, anaingia zamu. Akaona foleni. Akasema moyoni kwamba kura moja itabadilisha nini, na hao wagombea wote wawili hawajawahi kusema neno kuhusu mtu anayemgeuza mzee kitandani asioze mgongo. Akalala kwenye gari mpaka muda ukaisha. Ndiyo maana siku ile hakupokea simu ya baba yake.

"Kazini kwetu wengi hawakwenda," alisema. "Wamechoka. Wanasema ni mchezo wa watu wa kwenye televisheni. Nilivyowaona nyie kwenye kikao mmevaa vizuri, nikaona aibu kuwaambia. Nyie mlikuwa na hamu na kura yangu kuliko mie."

Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, mtoto wa watu:

"Na nyie wazee, ile ya mtaa? Ya lile korongo? Mlimpa nani?"

Mwishehe aliangalia kikombe chake. Gaspar aliangalia miguu yake, ilikuwa bado ina tope. Twaha akachukua birika akatoka nje, japo kahawa ilikuwa haijaisha.

Mwishowe Gaspar akasema, "Mtandao unakatika, mama." Akakata simu.

Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Wiki iliyopita nilipita kijiweni. Mabenchi bado ni mawili. Wanabishana nani atasimama Marekani uchaguzi ujao. Munira ameshaanza kususia mapema. Mwishehe na Gaspar wamekaa benchi moja, hawabishani, lakini wapo. Wanasikiliza.

Korongo limegeuka. Limekula pale mpera ulipokuwa, sasa limeshika michongoma. Upande mmoja jiko la Mwishehe, upande wa pili chumba cha Clara, kile alichoacha na vitabu vyake vya shule. Mkutano wa wakazi bado haujaitishwa.

Na wewe usinitikisie kichwa hapo. Usiniandikie "inasikitisha" huko chini.

Kumfuatilia mtu wa mbali ni raha, kwa sababu hakudai kitu. Unamshangilia, unamtukania jirani yako, unalala. Wa karibu anakudai uondoke kwenye kiti. Clara alilala kwenye gari akiwa mbele ya kituo chake. Sie tulilala kwenye benchi tukiwa mbele ya cha kwetu. Na wote tulikuwa na maoni mazuri tu.

Basi nakutaka jambo moja, na nalitaka leo. Ofisi ya serikali ya mtaa wako unaijua ilipo, na kama huijui, aibu hiyo ndiyo iwe ya kwanza kuimaliza. Nenda ukaulize mkutano wa mwisho wa wakazi ulikuwa lini. Wakikuambia njoo kesho, kaa hapohapo kwenye ngazi. Nenda na mtu. Nenda na yule jirani ambaye hamsalimiani kwa ajili ya watu msiowajua.

Usiniambie unamalizia kitu kwanza. Masika iko njiani, na haingoji umalize Jojia.

Bado unasoma?

Nyanyuka.